SSD mpya imegoma? Angalia kwanza kompyuta inaiona mpaka wapi

"Fundi, hii SSD waliyoniuzia ni mbovu. Naomba uniandikie karatasi nikairudishe."

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Tengeru alinikuta na maneno hayo mezani kwangu, Kaloleni hapa Arusha, asubuhi ya siku ambayo jioni yake alitakiwa kukabidhi mtihani wa moko wa kidato cha nne. Nikaifungua laptopu yake. Diski ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa SSD (diski isiyozunguka, inayohifadhi kwenye chipu) ya umbo la M.2, aina ya SATA, imechomekwa kwenye sloti inayopokea NVMe peke yake; SATA na NVMe ni lugha mbili tofauti za diski kuongea na kompyuta. Imeingia vizuri, skrubu imekazwa, ila kompyuta haikuwa na namna ya kuongea nayo.

Kesi za namna hii nazipata mara nyingi kuliko diski iliyokufa kweli. Kwa hiyo kabla hujapanda daladala kurudi dukani kugombana na muuzaji, fuatilia jambo moja: kompyuta inaiona hiyo diski mpaka wapi? Inaonekana kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows? Kama inaonekana huko, Windows nayo inaiona? Na kama inaiona, inafanya kazi kwa kasi inayostahili? Pale unapokwama ndipo ugonjwa ulipo. Ukianza kwa kubahatisha utapiga Windows, yaani kuisakinisha upya, mara tatu kwenye kompyuta ambayo shida yake ni waya.

Kabla ya skrubu ya kwanza

Hamisha mafaili yako kwenye diski nyingine, nje ya kompyuta hiyo. Usihamishe kutoka C kwenda D, maana mara nyingi hizo ni diski moja iliyogawanywa. Nimeona mtu mzima, muongoza watalii wa miaka mingi, amekaa kwenye stuli yangu kimya kabisa baada ya kuambiwa kwamba picha zake zote za Serengeti zilikuwa kwenye diski aliyoifuta mwenyewe usiku uliopita akifuata maelekezo ya simu. Siku ile sikuwa na la kumfanyia. Ndiyo maana kila anayekuja namuuliza kwanza mafaili yako wapi, hata akiona namchelewesha.

Angalia pia kama diski ya zamani imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski. Laptopu nyingi zenye Windows 11 huwa zimefungwa bila mwenyewe kujua, hasa kama ziliwashwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha vitu ndani, inaweza kukuomba funguo yenye tarakimu 48. Itafute kwenye akaunti yako mapema na uiandike kwenye karatasi, au simamisha BitLocker kabla ya kuanza.

Halafu fungua mfuniko uangalie ndani kabla ya kununua. Watu wengi hapa mjini wanaagiza Kariakoo, mzigo unakuja na basi, na ukikosea aina unarudisha kwa nauli yako. Diski ya inchi 2.5 ya SATA ndiyo inayoingia kwenye laptopu nyingi za mtumba zilizokuja na diski ya kuzunguka. Laptopu nyembamba za baadaye zina M.2, kijibao chembamba kama kipande cha ubani: upana milimita 22, na urefu unaosomeka kwenye namba yake, 2280 ikiwa na maana ya milimita 80, 2242 milimita 42, 2230 milimita 30. Katikati ya hizo kuna kizazi cha mSATA, kama Dell Latitude E7440, na hapo M.2 haiingii hata ukiisukuma. Piga picha ya sloti na ya maandishi yaliyo chini ya laptopu, nenda nazo dukani.

"Nimeiweka, lakini BIOS haioni kitu"

Hapa Windows haijafikiwa hata kidogo, kwa hiyo usipige Windows na usihangaike na draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa). Tatizo liko kwenye kitu unachoweza kukishika kwa mkono.

Kwa M.2, anza na kosa la yule mwalimu. Tazama meno ya dhahabu kwenye ncha ya diski. Yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, na yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA. Ubaya ni kwamba ile yenye mapengo mawili inaingia bila shida kwenye sloti ya NVMe, na NVMe nayo inaingia kwenye sloti fulani zinazosoma SATA tu. Kuingia si kukubaliwa. Usiamini pengo peke yake, soma karatasi iliyobandikwa juu ya diski, itakuwa imeandikwa SATA, au PCIe, au NVMe. Kisha tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako, watengenezaji wakubwa wanakiweka kwenye tovuti zao, uone sloti yako inapokea ipi. Na ile sloti fupi yenye kadi ya Wi-Fi iache, hiyo ina pengo lake tofauti na haikuwekwa kwa ajili ya diski.

Kama aina ni sahihi, angalia ilivyokaa. M.2 inaingizwa ikiwa imeinama kiasi cha digrii 30. Isukume mpaka meno ya dhahabu yamezwe na sloti, ubaki mstari mwembamba tu. Ukiiachia itasimama yenyewe kama mlango uliofunguka nusu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ilaze kwa kidole, kaza skrubu. Wengi wanailaza kabla haijafika mwisho, skrubu inaivuta kwa pembeni, na meno ya upande mmoja yanabaki nje kwa nusu milimita. Kwa macho ya haraka huoni kitu. Weka tochi ya simu kwa ubavu utaona dhahabu imepinda. Skrubu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ikipotea usiweke ndefu zaidi, maana inaweza kuchimba mfuniko wa chini au kugusa kisichotakiwa.

Kabla ya kuingiza mkono, chomoa chaja, kisha chomoa soketi ya betri kwenye mazabodi, kile kibao kikuu cha kompyuta. Betri za siku hizi ziko ndani, na kompyuta iliyozimwa bado ina umeme. Gusa chuma kwanza kutoa umeme tuli mwilini, na pangusa vumbi kabla ya kuchomoa diski ya zamani. Kwa wenzangu wa Muriet na Sakina, lile vumbi jekundu likidondoka ndani ya sloti linakaa kwenye pini na utatafuta mchawi wa bure.

Kwa diski ya inchi 2.5, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni waya bapa unaounganisha diski na mazabodi. MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya mwaka 2012 inajulikana kwa hili: waya wake unapita juu ya bati la aluminiamu, unasuguliwa miaka na miaka, mwisho unapasuka kwa ndani. Dalili yake ni hii: diski ikiwa nje, kwenye kiunganishi cha USB, inafanya kazi vizuri, ukiirudisha ndani inapotea. Ukirudisha ya zamani nayo inasumbua. Badilisha waya, na chini yake bandika utepe mwembamba usiopitisha umeme.

Jambo jingine ni unene. Diski nyingi za zamani ni milimita 9.5 na SSD nyingi ni 7. Hizo milimita mbili na nusu zinatosha diski icheze ndani ya tundu lake, na kila ukibeba begi kwenye bodaboda inajichomoa kidogo. Kuna fremu ya plastiki ya kujaza nafasi hiyo, huja ndani ya baadhi ya maboksi ya SSD, na watu wanaitupa wakidhani ni ya kufungashia.

Kwenye kompyuta ya mezani, hakikisha waya zote mbili zimechomekwa, wa data na wa umeme. Pia soma kitabu cha mazabodi: kwenye nyingi, ukitumia sloti ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa, hivyo diski ya zamani inaweza kupotea siku ileile uliyoweka mpya, ukadhani umeiua.

Ukimaliza yote hayo bado kimya, weka SSD kwenye kompyuta nyingine au kwenye kasha la USB la aina yake. Huko nako ikikaa kimya, hapo ndipo nakubali kwamba ni mbovu, na una haki ya kurudi dukani na risiti yako.

"BIOS inaiona, ila wakati wa kupiga Windows hakuna diski"

Hili limewasumbua sana wenye laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11. Nyingi kati yao hutoka kiwandani na mpangilio uitwao VMD ukiwa umewashwa, na flashi ya kupigia Windows mara nyingi haina draiva yake. Unafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, orodha ni tupu. Pakua draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, ikunjue (extract), nakili folda yake kwenye flashi, kisha kwenye ukurasa ule ule bonyeza Load driver. Diski itajitokeza.

Njia nyingine ni kuzima VMD kwenye BIOS. Kama unapiga Windows upya kwenye diski tupu, sawa. Lakini kama ndani kuna Windows inayofanya kazi, ukibadilisha mpangilio huo ghafla utakutana na kioo cha bluu chenye maandishi INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Usiogope wala usifute kitu, rudi BIOS urudishe ilivyokuwa.

Ikiwa diski inaonekana ila Windows inakataa kukaa juu yake ikitaja GPT au MBR (namna mbili za kuipanga diski, mpya na ya zamani), maana yake namna ulivyowasha flashi na namna diski ilivyopangwa haviendani. Kwa kompyuta ya miaka ya karibuni, washa flashi kwa UEFI (namna mpya ya kuwasha kompyuta; ya zamani huitwa Legacy) na diski iwe GPT. Kama SSD ni mpya na tupu, futa partisheni (vigawanyo) zake zote hapohapo, acha nafasi wazi, Windows itaipanga yenyewe. Ila chomoa diski nyingine zote kabla hujafuta. Ukiwa na diski mbili za ukubwa unaokaribiana na usingizi machoni, utafuta isiyo yenyewe.

"Windows inafanya kazi, lakini SSD niliyoongeza haionekani kwenye This PC"

Haijaandaliwa tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Itakuuliza kuiandaa, chagua GPT, kisha tengeneza partisheni na uipe herufi. Dakika mbili. Lakini ujumbe huohuo ukitokea kwa diski ambayo unajua ina mafaili yako, usikubali, funga dirisha umtafute mtu wa kuokoa data.

"Nimekloni kila kitu, sasa haiwaki"

Kukloni ni kuinakili diski ya zamani kama ilivyo kwenda kwenye mpya. Ukiwasha: kioo cheusi, maandishi No bootable device. Kwanza, chomoa diski ya zamani, uache mpya peke yake, kisha ingia BIOS uiweke mpya ya kwanza. Kuwasha ya zamani na nakala yake kwa pamoja kunaichanganya Windows.

Ikigoma, uliza ulikloni nini. Wengi wanakloni C peke yake. Kwenye kompyuta ya UEFI, kinachoiamsha Windows hakiko ndani ya C, kiko kwenye partisheni ndogo pembeni, mara nyingi ya MB 100, ambayo kwenye This PC huioni. Ukiiacha nyuma, umehamisha nyumba ukasahau mlango. Rudia ukloni diski nzima. Kama ya zamani haipo tena, washa flashi ya Windows, fungua dirisha la amri, utengeneze partisheni hiyo na urudishe mafaili ya kuwashia kwa amri ya bcdboot. Si kazi ngumu kwa fundi, lakini si ya kujifunzia kwenye diski yenye kazi zako pekee.

Na kama ya zamani ilikuwa MBR ikiwaka kwa Legacy, nakala yake nayo ni hivyo hivyo. Ukiihamishia kwenye kompyuta inayowasha UEFI tu, haitakujibu.

Maoni yangu: kama Windows ya zamani ilikuwa na virusi au imechoka, usiikloni. Piga mpya, rudisha mafaili. Ukikloni takataka unapata takataka zinazowaka haraka. Na ujue kwamba msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. SSD haibadilishi masharti hayo.

"Inawaka, lakini mbona bado nzito?"

Hili linaniuma, kwa sababu mtu ametoa hela yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya Performance, uangalie C iko kwenye diski ipi. Mara kadhaa nimekuta SSD imekaa ndani kama mgeni, tupu, na Windows bado inawakia kwenye diski ya kuzunguka.

Kama iko kwenye SSD, fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure, usome pale kwenye Transfer Mode. Utaona namba mbili: ya kwanza ni kasi inayotumika sasa, ya pili ni kasi ambayo diski inaiweza. SATA/600 pande zote ni sawa, hapo unapata hadi kama MB 550 kwa sekunde. Ukiona SATA/300 upande wa kwanza, kompyuta ni ya zamani au umeichomeka kwenye tundu la zamani, na utapata karibu nusu yake. Hata hivyo utaona tofauti kubwa. Diski ya kuzunguka kwa 5400 inasoma faili moja kubwa kwa kama MB 100 kwa sekunde, lakini ikiombwa vifaili vidogo vilivyotawanyika, na kuwaka kwa Windows ni hivyo vifaili, inashuka hadi MB moja au chini ya hapo. Huko ndiko SSD yoyote inakoishinda. Ndiyo maana simsukumi mteja mwenye laptopu ya SATA atamani kasi za NVMe za MB 3500, kompyuta yake haiwezi kuzitumia.

Ukikuta kila kitu kiko sawa, angalia RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. GB 4 zikijaa, Windows inaanza kutumia SSD kama RAM, na hata SSD nzuri haina kasi ya RAM. Kwa mama mmoja mwenye duka la steshenari Moshi, jirani na Chuo cha Ushirika, aliyekuja analalamika kwamba foleni ya wanafunzi inamzidi, dawa ilikuwa kuongeza RAM tu. SSD yake haikuwa na kosa.

Kuna na uzito unaokuja katikati ya kazi. Unanakili folda ya video, inaanza kwa kasi, baada ya GB kadhaa inaporomoka mpaka unatamani ile ya zamani. SSD za bei ya chini, hasa za QLC (chipu zinazobana data nyingi kwenye kila seli) na zisizo na DRAM (kumbukumbu ya muda ya diski yenyewe), zina sehemu ndogo yenye kasi ya kupokelea. Ikijaa, unabaki na kasi halisi ya diski. Kwa kuandika barua na kuingia mtandaoni hutagundua kamwe. Kwa mpiga picha wa harusi, nunua ya TLC (inayobana kidogo kuliko QLC) yenye DRAM. Na usijaze SSD hadi ukingoni, acha kama asilimia 10 hadi 15.

Kwa NVMe ongeza joto kwenye hesabu. Moshi iko chini kuliko sisi wa Arusha, na Februari ya kule siyo ya mchezo. Diski ikikaribia digrii 70 au 80 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kama laptopu yako ilikuja na bati au utepe laini wa kupozea juu ya diski, urudishe kwenye mpya. Usiiweke laptopu juu ya godoro.

"Inaganda ghafla, kisha inaendelea"

Rudi CrystalDiskInfo, kwa diski ya SATA tafuta mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano. Iandike namba hiyo kwenye karatasi. Tumia kompyuta siku mbili, angalia tena. Ikiwa imepanda, lawama ni ya waya au soketi kabla ya kuwa ya diski. Badilisha waya, na namba ikisimama hapohapo umemaliza. Haishuki, kwa hiyo usisubiri irudi sifuri.

Kama ilianza baada ya umeme kukatika, na SSD imepotea hata BIOS, usiitupe. Baadhi ya SSD zikikatiwa umeme katikati ya kuandika huhitaji muda wa kujipanga upya. Washa kompyuta, iache kwenye ukurasa wa BIOS dakika 20 hadi 30 bila kugusa kitu, izime, chomoa umeme nusu dakika, rudia. Nimezirudisha kadhaa hivyo. Mwenye kompyuta ya mezani ya biashara anunue UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika.

"Nimenunua 512, naona 476"

Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, Windows inahesabu 1,073,741,824. Kwa hiyo 256 inasomeka 238, na TB moja inasomeka 931.

Wizi uko kwingine. Kijana mmoja aliniletea SSD ya nje ya "TB 16", nyepesi mkononi kama kiberiti. Nikaifungua mbele yake: kasha la plastiki, kibao kidogo cha kusomea kadi, na kadi ya memori ya simu imebandikwa kwa gundi ya moto. Kompyuta ilikuwa inasoma TB 16 kwa sababu kibao kilifundishwa kusema hivyo, na kila alichokiweka baada ya kadi kujaa kiliandikwa juu ya kilichotangulia. Ukiwa na shaka, tumia H2testw, programu ya bure inayojaza diski yote kisha kuisoma tena. Inachukua saa nyingi, iache usiku. Ifanye kabla hujaweka kitu chako humo, na kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Ile ya zamani

Usiifute wiki hiyohiyo. Iweke kwenye kasha la USB, bandika karatasi yenye tarehe, ihifadhi sehemu kavu mpaka uhakikishe kila ulichokuwa nacho kimefika kwenye mpya: barua pepe za ndani ya programu, alama za kivinjari, folda ya Downloads ambayo kila mtu anaisahau. Mwalimu wa Tengeru alibadilisha ile SATA kwa NVMe mchana uleule, tukapiga Windows, akachapa mtihani saa kumi na moja. Wiki mbili baadaye akanipigia kutafuta orodha ya alama za kidato cha pili. Ilikuwa kwenye ya zamani.